Mwanangu anasema maikroinveta, fundi anasema haibridi: nimsikilize nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga, Raskazone, si mbali na bahari. Nyumba ina paa la mabati la pande nne. Upande wa kaskazini ndio mrefu, fundi amepima akasema unachukua paneli tano kwa mstari mmoja. Mashariki na magharibi zinaingia mbili mbili tu, na magharibi kuna mwembe unaotupa kivuli kuanzia saa tisa alasiri. Kusini kumekaliwa na tangi la maji. Natumia kama uniti 10 kwa siku: friji, friza, pampu ya maji, feni, tivi na kiyoyozi kimoja usiku. Shilingi 10,000 ya LUKU inanipa uniti 28 hivi, haimalizi siku tatu, na umeme wenyewe unakatika. Fundi amependekeza inveta haibridi ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya uniti 5 na paneli tisa za wati 550, zote kwenye laini moja. Mwanangu yuko Marekani, kwake amefunga maikroinveta, anasema hizo ndizo za kisasa na yuko tayari kunitumia tisa. Nikubali? Na kama nitanunua huku, nichague zipi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Mwambie kijana asitume kitu, ila mshukuru, maana wazo lake lina pahali pake. Paa lako linahitaji maikroinveta mbili, na bajeti ikibana, moja. Tisa hapana. Na hizo mbili hazichukui nafasi ya haibridi wala betri aliyosema fundi. Paneli tano za kaskazini ziende moja kwa moja kwenye haibridi. Mbili za mashariki zipate maikroinveta moja yenye matundu mawili, na za magharibi, ukiamua kuziweka, vivyo hivyo. Fundi wako amepatia inveta na betri, alipokosea ni kwenye laini moja. Mwanao amepatia kifaa, ila anakipima kwa umeme wa Marekani.

Kwa faida ya wengine wanaosoma: paneli inatoa umeme wa DC, kama wa betri ya gari, na friji yako inataka AC. Kwa kawaida paneli huungwa kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti zikajumlishana hadi mia kadhaa, kisha inveta moja ukutani ikageuza. Haibridi ni inveta ya namna hiyo inayosimamia pia betri na umeme wa TANESCO. Maikroinveta ni kiboksi cha ukubwa wa kitabu kinene, kinafungwa chini ya paneli na kugeuza umeme hukohuko juu. Kinachoshuka nyumbani ni AC ya volti 230 kama ya TANESCO. Kila paneli inajitegemea, hivyo moja ikichafuliwa na kunguru, jirani zake hawana habari.

Marekani kifaa hiki kimeshamiri, na si kwa bahati. Enphase, kampuni ya California iliyoanzishwa 2006, ndiyo iliyokizoesha watu. Kisha kanuni za umeme za huko, NEC, katika toleo la 2014 zikaanza kudai sola ya paani iweze kuzimwa haraka ili zimamoto wakipanda wasikutane na waya wenye mamia ya volti, na toleo la 2017 likabana zaidi hadi kwenye paneli moja moja. Maikroinveta inatimiza sharti hilo bila kuongezewa kitu. Mitaa mingi ya huko umeme haukatiki kila wiki, na majimbo mengi yana utaratibu wa mwenye nyumba kupeleka ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Mwanao anaishi ndani ya mazingira hayo, anasema kweli kwa anachokiona. Wewe unaishi Raskazone.

Sasa jambo ambalo ningeomba ulisome mara mbili. Maikroinveta ya kawaida haiwezi kufanya kazi peke yake. Inasikiliza umeme wa gridi, inapima volti zake na mapigo yake 50 kwa sekunde, kisha inaingiza wa kwake kwa kufuata mwendo huo huo. Gridi ikinyamaza, nayo inajizima ndani ya muda mfupi sana. Hiyo ni kinga iliyowekwa kwa makusudi, la sivyo fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akidhani laini imekufa angeuawa na sola ya nyumba yako. Matokeo yake ni haya: saa sita mchana, jua kali, paneli tisa juu ya paa, umeme umekatika, na nyumba iko kimya kama ya jirani asiye na sola. Watu wengi hugundua hili wakati wameshalipa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, nami nafurahi, lakini megawati za Rufiji hazizuii transfoma ya mtaa kupasuka wala tawi kuangukia waya.

Mwanao huenda atasema zipo zinazowaka bila gridi. Ni kweli. Enphase walileta aina ya IQ8 mwaka 2021, ambayo inaweza kujitengenezea gridi yake ndogo mchana hata bila betri, mradi kuwe na kifaa cha kuitenga nyumba na laini ya nje. Lakini umeme wa namna hiyo unapanda na kushuka na wingu. Pampu yako ikitaka kuanza wakati wingu linapita, yote yanazimika. Na saa mbili usiku, unapotaka kiyoyozi, hakuna kitu kabisa. Bado haja ya betri iko palepale.

Kuhusu hizo tisa za kutumwa: nyumba ya Marekani inaletewa nyaya mbili za volti 120 kila moja, zikiungana zinakuwa 240, na mapigo ni 60 kwa sekunde. Kwetu ni waya mmoja wa moto wa volti 230 na nyutro, mapigo 50. Maikroinveta iliyoandaliwa kwa soko la huko inatarajia 60. Ikikuta 50 inaona hitilafu na haiwaki. Baadhi zinaweza kubadilishwa mipangilio, lakini kwa kawaida ruhusa hiyo iko mikononi mwa mtengenezaji au wakala wake, na dhamana hufuata nchi kifaa kilikouzwa. Miaka 25 ya dhamana ya Marekani haitakusaidia ukiwa Tanga na kiboksi kilichokufa. Nauli ya kuzituma ataipeleka kwenye betri, nitakuonyesha kwa nini.

Kuna hatari nyingine ya kwetu ambayo vitabu vya huko hawaiandiki, nayo ni LUKU. Mita nyingi za kulipia kabla hazijali umeme unaelekea wapi, zinahesabu unaopita tu. Nilishaitwa kwenye nyumba moja Dar es Salaam iliyofungwa maikroinveta nne bila kingine chochote. Mwenye nyumba alilalamika kwamba uniti zinaisha haraka kuliko kabla ya sola, na fundi aliyemfungia alikuwa hapokei tena simu. Tulizima maikroinveta saa saba mchana, tukaitazama mita dakika kumi. Tukawasha, tukaitazama dakika kumi nyingine. Watu walikuwa kazini, nyumbani inanguruma friji peke yake. Zikizimwa, taa ya mita inakonyeza kwa uvivu. Zikiwashwa, inakimbia. Ziada ilikuwa inatoka kwenda mtaani, na yeye anakatwa uniti kwa kuwagawia majirani. Kwa hiyo, mpaka uwe na makubaliano na TANESCO na mita ya kuhesabu pande zote mbili, mfumo wako lazima uwekwe usitoe hata wati moja nje. Haibridi nzuri inafanya hivyo kwa klempu ya CT, kipimo cha mkondo kinachofungwa kwenye waya mkuu baada ya mita kuiambia inveta umeme unaelekea wapi. Klempu hiyo ina mshale. Ikigeuzwa, inveta inaelewa kinyume, kwa hiyo fundi akimaliza mwambie akuonyeshe kwenye skrini namba za gridi huku ukiwasha na kuzima pasi.

Ndiyo maana nasema fundi amepatia haibridi. Sasa laini yake moja.

Paneli tisa kwenye mfululizo mmoja, tano zikitazama kaskazini, mbili mashariki, mbili magharibi, ni sawa na kufunga ng'ombe tisa kwenye nira moja wakati wawili hawajaamka. Katika mfululizo mkondo ni mmoja kwa paneli zote. Saa mbili asubuhi za mashariki zinapata jua la kutosha, za magharibi zinapata mwanga wa angani tu. Inveta itachagua moja kati ya mawili: ishushe mkondo wa zote ufanane na dhaifu, au iziruke dhaifu kupitia dayodi zilizo nyuma ya paneli na kupoteza volti zake. Alasiri mambo yanageuka, na mwembe unaongeza yake.

Utauliza, kwa nini basi za mashariki zisiwe laini yao yenyewe, maana haibridi nyingi zina matundu mawili ya paneli? Hapa ndipo hesabu inapoamua, na ningependa fundi wako aifanye kwa kalamu. Paneli ya wati 550 inafanya kazi kwenye volti 42 hivi ikipimwa maabara kwa nyuzi 25. Juu ya bati la Tanga saa sita mchana seli zake zinafika nyuzi 65 bila shida, na volti zinashuka hadi kama 36. Paneli mbili, volti 72. Haibridi nyingi za kilowati 5 za aina anayoisema fundi zinahitaji volti 120 hadi 150 ndipo ziamke. Mbili hazifiki. Hata tatu hazifiki, ni 108. Tano za kaskazini zinatoa 180, hizo safi kabisa. Kwa hiyo vipande vidogo vya paa lako, mashariki na magharibi, haviwezi kabisa kutumika kwa njia ya kawaida, na ndipo maikroinveta inapostahili bei yake. Kivuli cha mwembe, ambacho wauzaji wangekitaja kwanza, kwangu ni sababu ya pili. Maikroinveta haitengenezi jua. Paneli iliyofunikwa na mwembe ni paneli iliyofunikwa na mwembe, kilichopungua ni kuwaambukiza wenzake tu.

Usihofu kuhusu mielekeo yenyewe. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakuwa upande wako wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, lakini kuanzia mapema Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Mtu akikuambia mashariki na magharibi hazifai, amesoma mwongozo wa Ulaya. Kwenye paa lenye mlalo wa kawaida tofauti ni ndogo, tena mashariki inakuamshia betri mapema.

Maikroinveta zinaungwaje na haibridi? Zinaingia upande wa AC. Haibridi nyingi, Deye ni mfano unaoonekana sana madukani, zina tundu la jenereta ambalo kwenye mipangilio linaweza kugeuzwa kuwa la maikroinveta. Umeme wa TANESCO ukikatika, haibridi inaendelea kutengeneza volti 230 kutoka kwenye betri. Maikroinveta zinausikia huo, zinaufuata kana kwamba ni gridi, na zinaendelea kuzalisha. Betri ikijaa na nyumba haitumii, haibridi inapandisha mapigo kutoka 50 kwenda 52 na zaidi, maikroinveta zinaelewa ishara na kupunguza au kujizima. Wakati mwingine haibridi hulikata tu lile tundu betri ikifika asilimia iliyopangwa. Muulize fundi njia ipi inatumika na aiwashe mbele yako. Hakikisha pia kuna mpangilio wa kulikata tundu hilo gridi ikiwa ipo na betri imejaa, la sivyo ziada itavuja kwenda LUKU kupitia mlango wa nyuma.

Kuna kanuni moja nzuri ambayo Victron, watengenezaji wa inveta wa Uholanzi, wanaiandika kwenye miongozo yao: nguvu ya sola inayoingia upande wa AC isizidi ukubwa wa inveta ya betri. Maikroinveta mbili zenye jumla ya VA 2,000 (hapa VA zichukulie kama wati) chini ya haibridi ya kilowati 5 ni salama. Lakini itazame na betri pia. Betri yako ya uniti 5, yenye volti 51.2 na ampea-saa 100, mara nyingi inashauriwa kuchajiwa kwa ampea 50, yaani wati 2,560. Umeme umekatika, mchana, hakuna anayetumia: sola yote tisa haiwezi kumezwa na betri hiyo moja. Inveta itapunguza, hakuna kitakachoungua, ila utakuwa umenunua paneli za kupumzika.

Na huu ni mtego ambao wauzaji wa mfumo wa maikroinveta tupu hawautaji. Tuseme paneli zote tisa ziko kwenye maikroinveta. Usiku umeme umekatika, kiyoyozi kimekula betri mpaka inveta imejizima. Asubuhi jua linatoka. Maikroinveta zinasubiri kusikia gridi, haibridi inasubiri betri, betri inasubiri sola. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na wewe unawangoja TANESCO. Ndiyo maana tano za kaskazini lazima ziingie kwenye haibridi kwa DC: hizo zinaweza kuichaji betri bila kungoja gridi, nyumba ikiamka maikroinveta zitafuata. Na jenereta, kama unayo, isikutane kabisa na maikroinveta. Zitaifuata kama gridi na kuisukumia umeme kinyumenyume.

Basi tuje kwenye kuchagua. Kwanza soma nyuma ya paneli kabla ya kusoma boksi la maikroinveta. Kinachowaponza watu wengi ni ampea. Paneli ya 550 inatoa ampea 13 hivi, na nyaya zikikutanishwa inafika 14. Maikroinveta za miaka ya nyuma zilipokea ampea 11 au 12 kwa tundu, nazo bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo bei ina sababu. Tafuta ya ampea 14 au zaidi za kufanyia kazi, na kikomo cha mkondo wa mkutano kikiwa juu ya ule wa paneli. Wala usiingie kwenye paneli za wati 600 zenye seli kubwa za milimita 210, hizo zinavuka ampea 17, na maikroinveta nyingi haziziwezi. Volti hazina tatizo: kikomo cha nyingi ni 60, paneli yako asubuhi ya baridi haivuki 51.

Kisha ukubwa. Utakuta madukani zile za matundu mawili zenye VA 800 zimejaa. Zimejaa kwa sababu ya Ujerumani: huko watu wa maghorofa wanafunga paneli mbili kwenye baraza na kuchomeka ukutani, na sheria ilikuwa inawapa wati 600, ikapandishwa hadi 800 mwaka 2024. Viwanda vya China vikatengeneza kwa wingi, nasi tunapata masalia. Si mbaya. VA 800 ni 400 kwa kila paneli. Paneli yako ya 550 kwenye bati la moto, jua likiwa limesimama, inatoa kama wati 470, kwa hiyo kwa muda fulani wa siku njema kilele kitakatwa. Kwa upande wa mashariki kilele chenyewe ni kifupi, hasara ya mwaka si ya kukukosesha usingizi. Mimi ningechukua ya VA 880 au 1,000 tofauti ya bei ikiwa ndogo, na ikiwa kubwa ningechukua 800 bila kinyongo.

Matundu mawili yawe na ufuatiliaji wake kila moja, yaani kila tundu liitafutie paneli yake volti na mkondo wa kutoa umeme mwingi zaidi. Hapa soma vizuri, kwa sababu zipo za paneli nne zenye vifuatilia viwili tu ndani, paneli zikiunganishwa jozi kwa jozi, na unarudi kule kule kwa ng'ombe na nira. Katika zinazopatikana ukanda wetu, Hoymiles HMS za matundu mawili na APsystems DS3 zinakidhi hili na zinavumilia ampea za paneli za leo. Mimi ningeanza na hizo mbili. Enphase ni kifaa kizuri sana, lakini mfumo wao unapendeza ukinunua kila kitu kwao, kuanzia betri, na kwa maikroinveta mbili ni kuajiri ngoma ya mji mzima kwa arusi ya watu sita.

Vyeti usivipuuze kwa kuwa vimeandikwa kwa herufi ndogo. Unachotaka kuona ni IEC 62109 kwa usalama na IEC 62116 kwa ule uwezo wa kujizima gridi ikikatika. Mwaka 2023 huko Ujerumani baadhi ya maikroinveta za Deye ziligundulika hazina rilei ya usalama, yaani swichi ya kuzitenga na gridi, iliyotakiwa na kanuni za nchi ile, na kampuni ikalazimika kutoa rilei ya nje ya kuongezwa. Kama Wajerumani na ukaguzi wao waliuziwa, sisi tunaponunua Kariakoo kwa kuangalia rangi ya boksi tujiulize. Nimetaja haibridi zao hapo juu kwa wema, na sibadili kauli. Ni bidhaa mbili tofauti.

Joto na chumvi ndivyo vitakavyoamua uhai wa kifaa chako. Maikroinveta inakaa chini ya paneli, juu ya bati, mahali ambapo hata paka hapiti saa saba mchana. Nyingi zimeandikiwa nyuzi 65 za joto la hewa kama mwisho. Kwa hiyo reli ziinuliwe, paneli iwe na nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu ya bati upepo upite, na kiboksi kifungwe kwenye reli, si kwenye bati lenyewe. Kwa bahari iliyo jirani, muulize fundi bolti zake ni za nini. Za chuma cha pua cha kawaida, daraja la A2, zitaanza kutoa kutu Raskazone. Daraja la A4 ndilo la baharini, bei yake ni ya juu, lakini hapo usibanie pesa. Koneta za MC4, zile za kuunganisha nyaya za paneli, zitoke kwa mtengenezaji mmoja, dume na jike. Zinaweza kuchomekana za chapa tofauti na kuonekana sawa, kisha baada ya misimu miwili ya chumvi unasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Ncha ya mwisho ya kebo ya AC iwekwe kofia yake halisi. Nimeshaona mfuko wa Rambo na gundi, sitasema wapi.

Mawasiliano nayo yana kichekesho chake. Hoymiles na APsystems wanatumia redio kutuma taarifa za kila paneli kwenye kisanduku cha kupokea, na kisanduku hicho fundi anapenda kukiweka sebuleni karibu na Wi-Fi. Kati yake na maikroinveta kuna bati. Bati na redio havipatani. Kiwekwe barazani chini ya ukingo wa paa, kwenye boksi la kuzuia mvua, au siku ya kwanza utaambiwa sola haifanyi kazi kumbe inafanya, haijulikani tu. Akaunti ya programu ya simu ifunguliwe kwa barua pepe yako, si ya fundi. Mafundi huhama, na akiondoka na akaunti amekuachia kifaa usichokiona.

Nyaya ni rahisi: mbili za VA 1,000 zinavuta chini ya ampea 9, breka ya ampea 16 inatosha, na kebo ya milimita 4 mraba badala ya 2.5 kama umbali ni mrefu, kwa sababu waya mwembamba unapandisha volti upande wa paa na maikroinveta itajizima ikidhani gridi imezidi. Weka kinga ya radi upande wa AC na upande wa DC, na athi ipimwe kwa mita, si kwa kuiangalia. Fundi awe na leseni ya EWURA. Siku ya kufunga apige picha za namba za kila kiboksi pamoja na mahali kilipo, maana baada ya paneli kushuka juu yake hutaziona tena.

Nunua kebo, koneta na kisanduku cha mawasiliano siku hiyo hiyo pamoja na maikroinveta. Plagi ya chapa moja haiingii kwenye nyingine, hata matoleo mawili ya chapa moja yanaweza kukataana. Dhamana ya miaka 10 au 12 ina maana tu kama yupo mtu Tanzania atakayeipokea ile mbovu na kukupa nyingine, kwa hivyo uliza jina la wakala kabla ya bei.

Mwisho hesabu ya mfuko. Kilowati moja ya paneli Tanga inakupa takriban uniti 4 kwa siku ya kawaida. Tano za kaskazini ni kilowati 2.75, yaani uniti 11 hivi, na wewe unatumia 10. Ukiongeza za mashariki, kilowati 1.1 nyingine, unapata nafasi ya kumeza siku za masika na hasara za betri. Kinachokubana ni usiku: kiyoyozi na friza peke yao wanaweza kumaliza betri ya uniti 5 kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa hiyo anza na paneli saba na maikroinveta moja ya mashariki, na pesa ya magharibi pamoja na nauli ya Marekani zinunue betri ya pili ya aina ileile. Fundi aache tu bomba la waya upande wa magharibi na nafasi ya breka kwenye boksi.

Na huo mwembe, kama kuna mtu ameshakushauri uukate, mwambie asubiri. Kivuli chake cha saa tisa kingekunyima sehemu ndogo ya paneli mbili ambazo bado hujazinunua, na kwa maelezo yako ndio unaozuia jua la jioni kupiga ukuta wa magharibi. Ukiuondoa, kiyoyozi kitakudai zaidi ya hicho.